Cheti cha mama kinasema Zaire

SWALI: Jambo Papa. Nilipokuwa nakusanya karatasi za pasipoti nilikuta cheti cha kuzaliwa cha mama, cha mwaka 1974. Kimeandikwa Jamhuri ya Zaire, Mkoa wa Shaba. Lakini mama amezaliwa hapa hapa Lubumbashi! Zaire ilitoka wapi, na Katanga, mkoa wetu, ilikuwa imeenda wapi?
Msomaji, Lubumbashi

JIBU: Jambo mwanangu. Itunze sana karatasi hiyo. Nilikuwa darasa la nne Rais Mobutu alipotangaza, tarehe 27 Oktoba 1971, kwamba Kongo sasa ni Zaire. Mwalimu alifuta jina moja ubaoni akaandika jingine, nasi tukanakili. Mto nao ukaitwa Zaire. Pesa ilikwisha kuitwa hivyo tangu 1967.

Tuliambiwa tunarudi kwenye asili. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikajua kwamba Zaire ni neno la Kikongo, nzadi, yaani mto mkubwa, jinsi Wareno wa karne ya 15 walivyolisikia na kulipotoa. Kongo ndilo lililokuwa jina la ufalme wenyewe, ambao mji wake mkuu ulikuwa Mbanza Kongo, kabla meli zao hazijafika. Tuliacha jina la wazee wetu tukashika lililopindwa na wageni, tena kwa jina la asili! Linaniuma hadi leo.

Katanga ilifutwa kwa hofu. Siku 11 tu baada ya uhuru, tarehe 11 Julai 1960, Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, alitangaza kwamba imejitenga na Kongo. Askari wa Umoja wa Mataifa wakaumaliza utengano huo Januari 1963. Mobutu hakutaka jina hilo liendelee kutamkwa. Akatupa Shaba, neno la Kiswahili, kwa ajili ya madini yetu. Nililipenda neno hilo, maana lilikuwa la lugha ya nyumbani, na bado nalipenda.

Tazama pia mstari wa jina. Kuanzia 1972 majina ya Kizungu ya ubatizo yalipigwa marufuku, kwa hiyo kama mama anaitwa Marie au Jeanne, hutaliona hapo.

Mei 1997 Laurent-Désiré Kabila, aliyemwondoa Mobutu madarakani, alirudisha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jina la katiba ya 1964, na Katanga nayo ikarudi. Mwaka 2015 ikagawanywa mikoa minne. Kwa hiyo kwenye karatasi zako wewe wataandika Haut-Katanga, ingawa mji ni ule ule aliozaliwa mama.