Maswali ya Wasomaji: Bunduki Kongwe za Jeshi na Ulengaji wa Shabaha

Marehemu baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori. Baada ya mirathi kukamilika niliomba na kupata leseni ya bunduki yake, Lee-Enfield Namba 4 ya risasi za .303. Kila ninapotoka kulenga shabaha huisafisha kwa mafuta mengi, lakini haipiti wiki kabla ya kutu kuonekana ndani ya mtutu. Ikifika masika, risasi hutawanyika kwenye shabaha hata nikilenga kwa utulivu. Fundi mmoja amesema bunduki imechoka na niachane nayo. Je, ni kweli? (Msomaji, Tukuyu)

Ndugu msomaji, pole kwa msiba, na umefanya vyema kuanza na leseni kabla ya jambo lingine lolote. Fundi wako ameharakisha kutoa hukumu. Bunduki za aina hii zilitengenezwa kwa ajili ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945, na nyingi bado zinapiga shabaha vizuri kuliko wanaozishika. Kabla ya kuilaumu bunduki, tazama risasi unazotumia.

Risasi nyingi za .303 zilizotengenezwa kwa ajili ya majeshi zamani hizo zina fataki, yaani kile kipande kidogo kwenye kitako cha risasi kinachowasha baruti, yenye kemikali ya klorati ya potasiamu. Inapolipuka huacha ndani ya mtutu chumvi ambayo tabia yake inakaribiana na chumvi ya mezani, yaani huvuta unyevu kutoka hewani na kuula chuma. Chumvi hiyo haiyeyuki katika mafuta, bali huyeyuka katika maji. Kwa hiyo unapopaka mafuta juu yake, unafunika uchafu badala ya kuuondoa. Katika wilaya kama Rungwe, ambako mvua ya mwaka huzidi milimita 2,000 na ukungu huingia hadi ndani ya nyumba, chumvi hiyo haikosi unyevu hata siku moja.

Dawa yake inajulikana tangu enzi za majeshi ya Uingereza, ambayo yaliwapa askari wake faneli maalumu kwa kazi hiyo. Hakikisha kwanza kuwa hakuna risasi kwenye chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa) wala kwenye magazini (kisanduku cha risasi), kisha toa bolti, yaani chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, elekeza mdomo wa mtutu chini, na umimine maji yanayochemka kupitia upande wa chemba. Maji yawe ya moto kweli, kwa sababu chuma kikishika joto hujikausha chenyewe haraka. Pitisha vitambaa vikavu hadi vitoke safi, na ndipo upake mafuta kidogo. Uso wa bolti nao usafishwe hivyo hivyo, maana gesi ya fataki huufikia. Kazi hii ifanyike siku ile ile ya kufyatua risasi, wala isisubiri kesho yake.

Kuhusu kutawanyika wakati wa masika, ninaushuku mti wa bunduki kabla ya kuushuku mtutu. Mbao za Lee-Enfield hukumbatia mtutu karibu urefu wake wote, na kwenye Namba 4 ule ubao wa mbele unatakiwa kuusukuma mtutu kidogo kwa juu karibu na mdomo wake. Ubao ukinyonya unyevu huvimba na kugusa mahali pasipotakiwa, na ukikauka wakati wa kiangazi huachia mahali palipotakiwa kugusa. Mtutu hutetemeka kila risasi inapopita, na mtetemo huo ukibadilika, mahali risasi inapofikia nako hubadilika. Mbao zipakwe mafuta ya kitani yaliyochemshwa, safu nyembamba kwa awamu kadhaa, hasa sehemu za ndani ambazo watu wengi huzisahau. Usikwangue ubao kwa kisu ili kutafuta nafasi. Nimeona mbao nzuri zikiharibiwa kwa namna hiyo, na kurudisha kilichokwanguliwa ni vigumu.

Jambo moja zaidi. Linganisha namba iliyo kwenye mkono wa bolti na ile iliyo kwenye mwili wa bunduki. Zisipofanana, usifyatue hata risasi moja kabla fundi wa silaha anayetambuliwa kisheria hajapima nafasi iliyopo kati ya bolti na kitako cha ganda. Nafasi hiyo ikizidi, ganda linaweza kukatika ndani ya chemba na gesi ya moto ikarudi upande wa uso wa mpigaji. Waliounda Namba 4 walilifahamu tatizo hilo, ndiyo maana kichwa cha bolti yake hubadilishwa na kilitengenezwa kwa urefu mbalimbali, kuanzia namba 0 hadi 3.

Mimi ni mstaafu, nina bunduki kama hizo za Namba 4 na bado naona vizuri. Nikilenga katikati ya shabaha kwa mita 100, risasi zote hukaa pamoja lakini juu, zaidi ya upana wa kiganja. Kijana mmoja ameniambia kwamba ni kwa sababu Mbeya iko juu na hewa yake ni nyepesi. (Mzee wa Mbeya)

Shikamoo mzee wangu. Hongera kwa risasi kukaa pamoja, maana hilo ndilo gumu. Kijana amesema jambo la kweli na kulitumia mahali pasipo pake. Kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, hewa ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na ile ya usawa wa bahari, na risasi hupungukiwa kasi polepole zaidi. Lakini kwa mita 100 risasi haijakaa hewani kiasi cha kuonyesha tofauti unayoiona. Mlengaji huanza kuijali hewa nyepesi anapopiga mita 500 au 600.

Sababu iko kwenye kilengeo cha nyuma. Kikiwa kimelazwa, lile tundu kubwa unalochungulia limepangwa kwa yadi 300, yaani mita 274, kwa kuwa askari alihitaji kumpiga adui bila kupoteza muda wa kurekebisha chochote. Ili risasi ifike huko, lazima ianze kwa kupanda, na kwa mita 100 huwa bado iko juu ya mstari wa macho kwa zaidi ya sentimita 10. Simamisha kilengeo na ukishushe hadi alama ya yadi 200, nawe utaona risasi zikishuka. Kiasi kitakachobaki unaweza kukimaliza kwa kulenga ukingo wa chini wa duara jeusi, au fundi akuwekee kilengeo cha mbele kirefu zaidi, kwa sababu kilengeo cha mbele kikirefuka risasi hushuka.

Wenye Mauser ya mwaka 1898 wana shida kubwa zaidi ya hiyo. Baada ya Ujerumani kuanza kutumia risasi ya kichwa chenye ncha kali mwaka 1905, alama ya chini kabisa kwenye kilengeo cha bunduki ile ndefu ikawa ya mita 400.

Mwalimu wetu alitupeleka Kalenga na kutueleza kuwa Wahehe waliteka bunduki za Wajerumani pale Lugalo. Je, zilikuwa Mauser hizo hizo ambazo watu hushindania shabaha siku hizi? (Mwanafunzi, Iringa)

Jina la kiwanda ni moja, lakini bunduki ni nyingine. Tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Mkwawa lilipokiangamiza kikosi cha kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski, askari wa Kijerumani walikuwa na Mauser ya mwaka 1871. Ina bolti, lakini haina magazini: mpigaji huweka risasi moja, hufyatua, hutoa ganda, kisha huweka nyingine. Risasi yake ilikuwa na unene wa milimita 11 na ilitumia baruti nyeusi, ambayo hutoa wingu la moshi kila inapowaka. Moshi huo uliendelea kuwaponza askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, hadi Vita ya Kwanza ya Dunia, kwani kampuni nyingi zilikuwa bado na bunduki hizo mwaka 1914 huku wapinzani wao wakitumia .303 isiyo na moshi mwingi.

Katika mashindano ya Ulaya bunduki za baruti nyeusi kwa kawaida hushindanishwa peke yake, na wengi husafisha mtutu kila baada ya risasi chache kwa sababu masizi huharibu shabaha. Zile za mwaka 1898 na wenzake hushindana kwa umbali wa mita 100 hadi 300, mara nyingi kwa sharti kwamba bunduki ibaki ilivyotoka jeshini, bila darubini. Na mchezo wenyewe si mpya: Olimpiki ya kwanza ya kisasa, Athens mwaka 1896, ilikuwa na shindano la bunduki ya kijeshi kwa mita 200.

Wakati wa kulima tumeokota risasi za zamani. Zinaweza kutumika kwa mazoezi? (Msomaji, Njombe)

Haziwezi. Ziacheni zilipo, wekeni alama, wazuieni watoto kufika hapo, kisha toeni taarifa kituo cha polisi kilicho karibu nanyi. Msizisugue ili kusoma maandishi yake.