Povu la maziwa bila mashine

Mkuu uliyeuliza kwa nini povu la maziwa yako halikai na kama lazima ununue mashine, mashine sio lazima, shida yako ni kuyachemsha maziwa mpaka yanafurika ndo unaanza kuyapiga. Povu linashikiliwa na protini, ukivuka nyuzi joto 70 hivi linakuwa jepesi linakufa haraka, we ishia 60 mpaka 65, yaani sufuria ukiigusa pembeni huwezi kuishikilia. Mi hapa Area C Dodoma natumia chupa ya jamu tu, najaza nusu, nafunga, naizungushia taulo isiniunguze, natikisa kama sekunde 40 basi. Ila kama ni yale mabichi ya kupimiwa mtaani usiruke kuchemsha, brusela ipo (ugonjwa wa mifugo unaompata mtu kwa maziwa mabichi), yachemshe, yapoe kwenye friji kabisa, ndo uyapashe upya. Na yakishaanza kuchachuka sahau povu, kunywa mtindi wako.