Maswali na Majibu: Fani Gani Inaifaa Hadithi Hii?

Maswali ya safari hii yanazunguka jambo moja: ukifungua gemu ya uhusika ya ulimwengu wa njozi, au ukikaa mezani na wenzako na dadu, uchague fani gani ya mhusika, yaani kazi yake na uwezo anaoanza nao, ili hadithi ikukolee? Nimechukua yale yanayowasumbua wengi. Hesabu za nani anapiga kwa nguvu kuliko nani zina wataalamu wake; hapa tunazungumzia hadithi.

Gemu inaniuliza fani yangu kabla sijajua hata kisa kinahusu nini. Nitachaguaje?

Unajua mengi kuliko unavyodhani. Maelezo ya kwenye jalada, filamu fupi ya ufunguzi, hata orodha ya fani zenyewe, vyote vinakudokeza ulimwengu huo una ugomvi gani. Utafute ugomvi huo kwanza. Nani anaogopwa hapa? Nani anahitajika lakini hapendwi? Nani ana deni ambalo hajalipa? Fani inayogusa mojawapo ya maswali hayo itakuwa inaitwa na hadithi kila baada ya hatua chache.

Tazama Dragon Age: Origins ya mwaka 2009. Ina fani tatu tu: mpiganaji, mwizi na mchawi. Vitani zote zinatosha. Lakini katika nchi ile wachawi huwekwa mnarani chini ya ulinzi wa askari wa dini, kwa kuwa mchawi yeyote anaweza kuingiliwa na pepo. Ukichagua mchawi, unaanzia ndani ya mnara huo, unapitishwa kwenye mtihani ambao anayeshindwa huuawa, na ukitoka nje unabeba hofu ya watu mabegani. Ukichagua binadamu mpiganaji, unaanzia kwenye jumba la kifahari usiku ambao rafiki wa baba yako anaigeuka familia yenu, na safari nzima inapata harufu ya kisasi. Mbilikimo hawezi kuwa mchawi kabisa. Katazo hilo peke yake limekueleza jambo kuhusu mbilikimo wa ulimwengu ule kabla hujakutana na hata mmoja.

Kwa hiyo kwenye gemu ile mimi humshauri anayeanza achukue mchawi, hata kama hapendi kurusha moto. Mgogoro mkubwa wa nchi unamhusu yeye binafsi.

Ukibaki njia panda, chagua unayoipenda na uendelee. Gemu nyingi za sasa huruhusu kubadilisha. Katika Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 yupo mfu mmoja mkavu aitwaye Withers, anayehamia kambini kwako, na kwa sarafu 100 za dhahabu anakupa fani nyingine. Usikae saa nzima kwenye ukurasa wa kuunda mhusika huku hadithi inakusubiri.

Mimi siku zote ni mpiganaji mwenye upanga mkubwa. Wenzangu wanasema huyo ni mtu asiye na hadithi. Ni kweli?

Si kweli, na mpiganaji nitamtetea bila kusita. Mchawi anakuja na kisa chake tayari: alisoma wapi, alifukuzwa kwa kosa gani. Kuhani anakuja na mungu wake. Mpiganaji anakuja mikono mitupu, na wengi wanauona utupu huo kama kasoro, wakati ndiyo nafasi uliyoachiwa uijaze.

Muulize jambo moja: nani alimfundisha kupigana, na alimfundisha ili apigane na nani? Hakuna anayeamka asubuhi akajikuta anaujua upanga. Pengine alikuwa mlinzi, na bwana wake aliuawa siku ya zamu yake. Pengine alitoroka jeshi, na sasa kila bendera ile inapopita barabarani inambidi ainamishe uso. Pengine alijifunza ukutani mwa mji uliozingirwa, akiwa binti mdogo, kwa sababu wakubwa walikuwa wamekwisha. Kila jibu linakupa adui, linakupa aibu au kiburi, na linakupa sababu ya kukataa au kukubali kazi utakayopewa na mfalme kwenye sura ya pili.

Jambo jingine ni kwamba hadithi nyingi za njozi zinahusu vita, ardhi na urithi wa viti vya enzi, na humo mpiganaji yuko nyumbani. Baldur's Gate II ya mwaka 2000 ililielewa hili vizuri sana. Kila fani hupewa makao yanayoifaa: mwizi huongoza kundi la wezi bandarini, manju hupewa jumba la maigizo, mchawi hupata makao ya ajabu yanayosafiri kati ya dunia na dunia. Mpiganaji hukabidhiwa ngome, pamoja na wakulima wake, kodi zake na kesi zao za kuamua. Ghafla mtu wa upanga analazimika kutafuta haki. Kwangu hiyo ni miongoni mwa zawadi nzuri zaidi ambazo gemu imewahi kumpa mhusika wa kawaida.

Tuko watano mezani tunacheza mchezo wa hadithi na dadu uitwao Dungeons & Dragons. Wenzangu wameshachagua wanachotaka, sasa wananilazimisha niwe mponyaji. Nikubali?

Ukilazimishwa, kataa. Kwa kanuni za toleo la tano, lililotoka mwaka 2014, kundi haliwi hoi kwa kukosa kuhani. Druidi (kuhani wa maumbile) anaponya, manju anaponya, paladini (shujaa wa kiapo) anaponya, hata msasi anaweza kujifunza kidogo. Pumziko refu hurudisha afya yote, na dawa za chupa zipo. Tena aliyeanguka anahitaji alama moja tu ya afya ili asimame, kwa hiyo wawili wenye uponyaji mdogo mdogo wanaweza kulibeba kundi. Waambie wenzako mgawane mzigo huo.

Hata hivyo, kabla hujamkataa kuhani, mtazame upya. Wengi humwona kama sanduku la dawa. Kihadithi ndiye mtu pekee kundini ambaye kila asubuhi anazungumza na mwenye uwezo mkubwa kuliko mfalme, na anayeweza kuulizwa swali gumu: mungu wako alikuwa wapi kijiji kile kilipoungua? Muulize msimulizi wenu, yule anayeendesha mchezo, ni miungu gani inagombana katika kampeni yake, yaani kisa kirefu mnachokicheza. Akikutajia mmoja na uso wake ukachangamka, mchukue huyo, maana hapo ndipo alipoficha mambo yake.

Napenda paladini, lakini kundi letu lina mwizi na mchawi mwenye mkataba na shetani. Nitakuwa polisi wa kundi kila siku?

Hofu hii ina chanzo cha kweli. Paladini aliingia kwenye Dungeons & Dragons mwaka 1975, katika kitabu cha nyongeza kilekile kilichomleta mwizi, na kwa miaka mingi kanuni zilimdai awe mtu wa haki na wema bila doa. Meza nyingi ziligombana kwa sababu yake. Toleo la nne lililegeza sharti hilo, na toleo la tano likaweka kiapo mahali pake, na viapo havifanani.

Kiapo cha Uaminifu kinadai ukweli, ujasiri, huruma, heshima na wajibu. Ukikishika hicho kando ya mwizi, ni kweli mtasumbuana. Kiapo cha Wahenga kinahusu kulinda nuru, uzuri na furaha duniani. Mwizi mcheshi anayewalisha yatima hatapata shida nacho. Kiapo cha Kisasi kinasema upigane na uovu mkubwa kwanza, na waovu usiwahurumie. Huyo hana muda wa kumkamata mwizi wa pochi wakati aliyeteketeza mji wake bado anapumua.

Kwa hiyo soma hadithi kabla ya kuapa. Kama adui mkuu anajulikana mapema, kisasi kitakuvuta hadi mwisho. Kama kisa ni cha siasa, uongo na mikataba ya gizani, Kiapo cha Uaminifu kitakuumiza kila kikao, na maumivu hayo ni matamu ukiwa tayari kuyapokea. Elewaneni tu mapema kwamba paladini anajihukumu mwenyewe kwanza. Akiona wizi, aseme unavyomuuma. Asishike upanga dhidi ya rafiki aliyekaa naye meza moja.

Ukicheza Baldur's Gate 3, jua kwamba kiapo kinaweza kuvunjika kweli. Ukikivunja, askari wa deraya nyeusi anakujia kambini na kukupa njia nyingine ya nguvu, au unalipa sarafu 1,000 na kurudishiwa kiapo. Naomba usikimbilie kupakia upya mchezo pale kinapovunjika. Kaa nacho angalau hadi kambi inayofuata, usikie wenzako wanasemaje.

Je, fani inabadilisha hadithi kweli, au ni maneno mawili matatu tu?

Inategemea gemu, na ni vizuri kujua kabla ya kuumiza kichwa. Elden Ring ya mwaka 2022 ina fani kumi za kuanzia, lakini zinaamua silaha na alama zako za mwanzo tu. Kisa ni kilekile. Chagua kwa macho. Skyrim ya mwaka 2011 haina fani kabisa: ina stadi 18 zinazokua kadiri unavyozitumia, na unaweza kuwa mkuu wa chuo cha wachawi huku siku zote umeshika shoka. Pale inabidi nidhamu itoke kwako. Jiwekee mwiko mmoja, kwa mfano kutogusa uchawi, uone jinsi njia zinavyojipanga upya.

Upande wa pili ipo Dragon Age II ya mwaka 2011, na hapa natoa siri ya dakika za mwanzo kabisa, asiyeitaka aruke aya hii. Shujaa ana pacha wawili wadogo, kaka na dada. Ukiwa mchawi, dada anauawa familia ikikimbia na kaka anabaki. Ukiwa mpiganaji au mwizi, anayekufa ni kaka. Mchezaji amebonyeza kitufe cha fani akiwaza mapigano, na nyumba nzima imebadilika: kwa wachawi kaka anabaki na kinyongo cha kuishi kivulini, kwa wengine dada anabaki na hofu ya kukamatwa kwa sababu yeye ndiye mchawi. Sijaona mfano mwingine uliofunga fani na familia kwa ukali namna ile.

Mfufua wafu anaweza kuwa mtu mwema?

Ndiyo, mradi hadithi iwe na watu wa kumuogopa. Akiamsha mifupa mbele ya kijiji na hakuna anayepiga kelele, fani hiyo haina maana. Mpe sababu inayoeleweka na mpaka asiouvuka, mathalani haamshi mtu ambaye hakumruhusu akiwa hai. Mengine yatajitokeza.

Mimi ndiye msimulizi. Ulimwengu wangu uchawi umekufa miaka mia iliyopita. Wachezaji wanne kati ya watano wameleta wachawi. Niwakatalie?

Una haki ya kuwakatalia, ila lawama kidogo ni yako kama hukusema mapema. Mchezo wa kwanza wa Dungeons & Dragons, mwaka 1974, ulianza na fani tatu: mpiganaji, mtumia uchawi na kuhani. Orodha fupi haijawahi kuwa dhambi. Toleo la 2014 lilipanua orodha ya kitabu kikuu hadi 12, na nyingi kati ya hizo zinagusa uchawi kwa namna fulani, ndiyo maana wachezaji wako wameuleta bila kufikiri mara mbili.

Kabla ya kikao cha kwanza waite mzungumze. Waeleze ulimwengu kwa sentensi chache, kisha mwulize kila mmoja alitaka nini hasa. Utashangaa. Mmoja alitaka kuwa msomi mwenye vitabu. Anaweza kuwa tabibu au mwanahistoria bila cheche hata moja. Mwingine alitaka siri, mpe ujasusi. Wa tatu alipenda kuwa wa kuogopwa, na mpiganaji wa hasira atamtosheleza.

Atabaki mmoja anayetaka uchawi wenyewe kwa dhati. Huyo mkubalie. Mtu mmoja mwenye uchawi katika nchi ambamo umekufa ni hadithi iliyojiandika: nani alimficha, nani atamuuza, na kwa nini yeye? Wakiwa wanne kifo hicho cha uchawi kinageuka uongo na ulimwengu wako unaporomoka. Ila mhakikishie kila mwingine kwamba naye ana jambo lake, la sivyo watajiona wasindikizaji wa mtu mmoja kampeni nzima.

Nimefika katikati ya kisa nataka kuchanganya fani mbili. Itaharibu hadithi?

Itaiharibu kama sababu pekee ni alama. Baldur's Gate 3 haikuwekei sharti lolote la kuchanganya, isipokuwa ngazi zote zikijumlishwa zinaishia 12. Mezani, kanuni za 2014 zinataka angalau alama 13 katika sifa kuu za fani zote mbili, lakini msimulizi mzuri atakuuliza pia ulijifunza lini na kwa nani.

Planescape: Torment ya mwaka 1999 ilipata jibu zuri sana. Shujaa anaamka katika nyumba ya maiti bila kumbukumbu yoyote, anaanza kama mpiganaji, na baadaye akimpata mwalimu anaweza kugeuka mchawi au mwizi. Inaingia akilini kwa sababu ameishi maisha mengi aliyoyasahau: anajifunza upya aliyowahi kuyajua. Wewe nawe tafuta tukio lililokwisha kutokea kwenye kisa chenu. Kama mwizi wenu alinusurika kimiujiza hekaluni vikao vitatu nyuma, ngazi yake ya kwanza ya ukuhani tayari ina mahali pa kutokea, na msimulizi atakuwa na hamu ya kukuambia ni mungu gani aliyemwokoa na anataka nini.