Maswali na Majibu: Hofu Inayokuja na Bamvua

Swali: Mimi ni mwanafunzi, naishi Tudor, Mombasa. Tangu niliposoma kwamba bahari inapanda, usiku wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, silali na moyo hunienda mbio. Je, ni ugonjwa? Na kisiwa chetu kitazama?

Nianze na bahari, mwanangu, kwa kuwa hofu isiyopimwa huzidi kukua. Kati ya mwaka 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi, na sasa unapanda kwa takriban milimita 4 kila mwaka, ilhali maji ya Mombasa huweza kupanda na kushuka zaidi ya mita 3 katika siku moja ya bamvua. Sisemi kwamba hatari haipo. Nasema kwamba haitakuja kama jahazi linalozama, bali itakuja siku zile ambazo bamvua, upepo mkali na mvua kubwa vitakutana, maji yakala ufuo na kuingia nyumba zilizo chini. Bamvua hujulikana mapema, kwani hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Basi zitie alama siku hizo, nawe utapata usiku mwingi wa kulala.

Ama wasiwasi wenyewe, huo peke yake si ugonjwa. Mwaka 2021 ulichapishwa uchunguzi wa vijana 10,000 kutoka nchi 10, Nigeria ikiwa nchi pekee ya Afrika, na asilimia 59 kati yao walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno kuhusu tabianchi. Hata hivyo, usingizi ukikupotea kwa zaidi ya majuma mawili, chakula kikakushinda au ukaacha kwenda shule, nenda hospitali ukaulizie huduma ya afya ya akili. Likikujia wazo la kujidhuru, mwambie mtu mzima unayemwamini na uende siku hiyo hiyo.

Swali: Baba yangu ni mvuvi. Nikimweleza hofu yangu, husema riziki ni ya Mungu na kwamba wasiwasi ni upungufu wa imani. Nimjibu nini?

Usimjibu, muulize. Muulize kwa nini hatoki na mtumbwi Kusi inapovuma kwa nguvu, naye atakwambia kwamba huko ni kujihadhari, wala si kukosa imani. Hadithi ya yule aliyeambiwa amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu bila shaka anaijua kukushinda. Kisha muulize habari za mwaka 1998, bahari ilipopata joto lisilo la kawaida na matumbawe mengi ya pwani yetu yakapauka na kufa. Mimi nadhani chini ya maneno ya wazee wengi yamo majonzi ambayo hayakupata jina, na kijana anayekuja kusikiliza huyafungua upesi kuliko anayekuja kubishana.

Swali: Nasoma habari za mafuriko na ukame kwenye simu hadi usiku wa manane. Nifanyeje?

Simu ilale chumba kingine. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ukisomwa mara moja asubuhi, unakutosha.

Swali: Kenya huchangia chini ya asilimia 1 ya gesi zinazopasha dunia joto. Kikundi chetu kikipanda mikoko, si kujidanganya?

Hasira yako ina haki, na kupanda mikoko hakuwaondolei wachafuzi wakubwa deni lao. Lakini mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi na kulea samaki wachanga, na kule Gazi, Kwale, wanakijiji huuza hewakaa ya mikoko yao, yaani hulipwa kwa kaboni ambayo miti hiyo huihifadhi, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013. Tena hofu hupungua mtu anapofanya kazi na wenziwe kuliko anapokaa nayo peke yake. Sharti langu ni moja: waulizeni wanaoujua ufuo kabla ya kushika miche. Mikoko ina aina nyingi: upande unaotazama bahari ni wa aina iitwayo mlilana, na ile iitwayo mkoko hasa ikipandwa hapo mawimbi huing'oa, vijana wakarudi nyumbani wamevunjika moyo kuliko walivyotoka.