Usimpeleke Kukata Nyuzi

Msimamizi mmoja wa laini ya kushona mashati kiwandani ameandika kuuliza: ana fundi aliyepooza mguu wa kulia tangu utotoni. Mshono wake umenyooka, lakini hafikishi idadi ya vipande inayotakiwa kwa saa. Amhamishie mezani pa kukata nyuzi?

Hapana, tafadhali. Inauma kuona mkono wenye ufundi ukipewa mkasi mdogo kwa sababu tu hakuna aliyeinama kuangalia chini ya meza.

Keti karibu naye dakika kumi, tazama miguu. Kwenye cherehani ya kiwandani, goti la kulia ndilo linalonyanyua mguu wa cherehani, kile chuma kinachokandamiza kitambaa. Yeye goti hilo halimtii, kwa hiyo kila kona ya kola anaachia kitambaa, anapeleka mkono nyuma, ananyanyua wenzo, anageuza kitambaa, anashusha. Kola ina kona mbili, mfuko una zaidi. Idadi inapotelea hapo. Funga kinyanyuzi cha umeme, swichi yake uiweke usawa wa goti la kushoto.

Kisha kanyagio. Legeza bolti, lisogeze kushoto, lakini fimbo inayopanda kwenye mota ibaki wima. Ihamishie tundu jingine la kanyagio ikibidi. Fimbo ikilala upande, kanyagio hukwama, na cherehani inaendelea kushona hata mguu ukishaachia. Vidole huchomwa hivyo.

Kama mota bado ni ya klachi, ile inayonguruma kutwa, badilisha uweke ya servo. Klachi hudaka ghafla, na kuituliza kunataka kifundo cha mguu chenye nguvu. Servo unaifungia kasi: anza na stichi 1,500 kwa dakika, upandishe kadiri anavyozoea.

Asiyetumia miguu kabisa mpe mashine za mzunguko: ya vifungo, ya vitundu, ya kubana ncha za mifuko. Hizo ukizibonyeza mara moja zinamaliza zenyewe, hivyo kanyagio linabadilishwa kwa kitufe cha mkono. Kitufe kiwe kimezama na kikae mbali na njia ya kiwiko, kisije kikaguswa vidole vikiwa chini ya sindano. Usimpe mshono mrefu wa ubavu: mkono mmoja ukiwa kwenye swichi, unabaki mmoja tu wa kuongoza kitambaa, na mshono utapinda.

Kwa kiti cha magurudumu, pima goti akiwa amekaa, ongeza sentimita 5, hapo ndipo uwe upande wa chini wa meza. Njia iwe ya sentimita 90, na makreti ya vipande yasiwekwe humo. Yatawekwa tu usipokagua kila asubuhi.

Fundi kiziwi usimguse bega kwa nyuma sindano ikiwa inakwenda. Atashtuka na kidole kitaingia. Mjie kwa mbele. Mfungie sampuli iliyopitishwa juu ya cherehani yake, na king'ora cha moto kiwe na taa anayoiona akiwa kazini.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 aajiri asilimia 3 wenye ulemavu. Kumwajiri mtu na kumwacha na kanyagio lisilomfaa si kutimiza sheria hiyo.

Ukishafunga yote, mpe wiki mbili kabla ya kuhesabu vipande vyake tena. Mguu wa kushoto nao unajifunza kazi upya.