Jibu: Kwa nini kichwa hakitulii hata ukiwa msituni

Ndugu, umeuliza kwa nini ukitembea msituni na simu mfukoni mawazo bado yanakimbia. Tatizo ni huo mfuko. Hata simu ikiwa kimya, mkono umeshazoea kuifuata. Mwambie mtu unakokwenda na saa ya kurudi, kisha izime na uitie chini kabisa ya begi. Vaa saa ya mkononi, maana wengi huitoa simu "kuangalia saa tu" wakanasa hapo hapo.

Dakika 20 za mwanzo huwa ngumu, vumilia. Keti karibu na mti mmoja, fuatilia nyufa za gome, kuvu, sisimizi wanavyokwepa utomvu. Utafiti wa Uingereza wa 2019 ulihusisha angalau dakika 120 kwa wiki katika mazingira ya asili na afya bora, waweza kuzigawa.