Re: Plastiki gani ya kufunika picha ya sentimita 50 kwa 70?

Kwa ukubwa huo chukua akriliki (plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo) ya mm 3. Ya mm 2 hulegea katikati. Polistaireni, plastiki nyingine angavu, ni ya bei nafuu kweli, lakini hukwaruzika upesi na kugeuka manjano. Ukuta ukipigwa na jua, ulizia akriliki yenye kinga ya mionzi ya urujuanimno (UV).

Ikate pungufu ya mm 2 kwa urefu na upana, maana hutanuka kwa joto, ikibanwa inabinuka. Tenganisha na picha kwa fremu ya kadibodi isiyo na asidi. Zikigusana, unyevu huzinatisha na picha huchubuka ukiibandua.

Karatasi ya kinga iliyobandikwa kwenye akriliki itoe mwishoni kabisa, polepole, la sivyo umeme tuli utavuta vumbi lote la chumba. Futa kwa kitambaa laini chenye maji na tone la sabuni. Dawa ya vioo yenye amonia, usithubutu: huacha vijiufa visivyofutika.